Miti ya Baba Mkubwa na Intaneti ya Kilimani

Sisi tulioanza darasa la kwanza tukiwa watu wa mkoa wa Arusha, tukamaliza la saba tukiwa watu wa mkoa wa Manyara, na katikati hapo hatukuhamisha hata kitanda, tutaelewana. Wenzangu wa Mbulu na wa Hanang mnakumbuka. Siku mkoa ulipogawanywa, mwalimu alifuta neno Arusha ubaoni, akaandika Manyara, akatuambia tusahihishe kwenye madaftari. Tukasahihisha, kisha tukaenda kuchota maji ya shule kama kawaida. Jioni nilimwambia mama kwamba tumehama mkoa. Akaniuliza kama huo mkoa mpya umekuja na kuni, kwa sababu za kwetu zimekwisha.

Nyumbani kwetu ni Tlawi, wilayani Mbulu, juu kabisa, kule ukungu unakoingia mpaka jikoni ukachanganyika na moshi. Tulikimbia mchakamchaka miguu peku na umande wa baridi, tukiimba kwa meno yanayogongana. Mchana tulikula ugali na mboga za majani zilizotiwa maziwa, Jumamosi makande, na wakati wa kuvuna viazi tulivichoma kwenye majivu hukohuko shambani, tukarudi na midomo myeusi. Mikono yetu ilinuka vitunguu saumu mwaka mzima, maana kila mtoto wa kwetu alikuwa mkulima wa saumu baada ya saa za shule. Wasichana tulicheza rede na mdako. Wavulana walikaa juu ya matawi ya miti wakateleza nayo mteremkoni, wakarudi nyumbani na kaptula zilizotoboka, wakachapwa. Na shikamoo ilikuwa ni lazima. Ukimpita mtu mzima bila kumwamkia, habari zilifika kwenu kabla yako, na wakati huo hapakuwa na simu ya mtu yeyote.

Ninaposema hapakuwa na simu, nisamehewe kidogo, kwa sababu baba yangu alikuwa mtu wa simu. Jina lake ni Bura, na alikuwa fundi wa laini wa shirika la simu. Kazi yake ilikuwa kupanda nguzo. Alikuwa na mkanda mpana wa ngozi aliouzungusha kiunoni na kwenye nguzo, akapanda, akaunga waya uliokatika, akashuka, akaenda nguzo nyingine. Alirudi nyumbani akinuka dawa nyeusi ya nguzo, ile iliyokuwa inazuia mchwa, na mpaka leo nikipita mahali penye harufu hiyo najikuta natafuta baiskeli yake kwa macho. Sisi watoto tulikuwa tunakwenda kuweka sikio kwenye nguzo zilizopita karibu na barabara. Zilikuwa zinavuma. Mdogo wangu Martini aliamini kwamba ule mvumo ni maneno ya watu wa mbali yanapita, na kwamba ukikaa sana utasikia jina lako. Alikaa sana, mara nyingi, akachelewa kurudisha kondoo.

Kisha ikaja ile miaka ya soko huria. Redioni walizungumza juu ya ubinafsishaji kila siku, na sisi tulilijua hilo neno kwa kuwaona watu wanaorudi nyumbani. Mmoja alirudi kutoka kwenye mashamba makubwa ya ngano kule Hanang. Mwingine alirudi kutoka kiwandani Arusha. Na siku moja baba naye alirudi kabla ya saa zake, mkanda ukiwa begani, akasema kazi imepunguzwa na yeye ni mmoja wa waliopunguzwa. Mama alikuwa anachambua saumu. Akasogea kidogo kwenye mkeka ili apate nafasi ya kukaa, na baba akakaa, akaanza kuchambua naye. Hakuna aliyelia. Lakini baada ya siku hiyo baba alikuwa mtu aliyechoka. Alikwenda shamba, alirudi, alikaa. Mgongo ulimuuma kwa miaka yote ile ya kuning'inia, na sasa kwa kuwa hakuwa na nguzo ya kuusahaulisha, uliuma zaidi.

Kaka yake mkubwa, ambaye kwetu ni Baba Mkubwa, kwa jina Tarmo, alikuwa jirani yetu, ng'ambo tu ya mfereji. Yeye hakuwahi kuondoka shambani. Alikuwa na ng'ombe, ngano kidogo, na shamba la mikaratusi kwenye bega la kilima, aliyoipanda kwa mikono yake ili wanawe wajengee. Hakumlaumu baba kwa kupunguzwa kazi. Alikuwa amemlaumu zamani, siku alipoichukua, na nadhani aliona hapana haja ya kurudia.

Basi nikiwa darasa la saba, padre aliyekuwa mkuu wa shule ya sekondari ya pale kwetu alikuja nyumbani na dada mmoja aliyevaa suruali na buti. Ilikuwa mara ya kwanza mama kumkaribisha mwanamke aliyevaa suruali, akampa kiti kizuri kuliko cha padre. Dada huyo aliitwa Rehema, alitoka Dar es Salaam, na watu wote walikuja kumwita Injinia. Alimwamkia baba, "Shikamoo mzee," kisha akaeleza kilichowaleta. Pale mjini Mbulu kulikuwa na dishi kubwa lililoshusha intaneti kutoka angani. Shule ilitaka kuipata hiyo intaneti. Kati ya mji na shule kuna kilima, na kilima hicho kinaishia kwenye shamba letu. Walitaka kusimamisha bomba la chuma kule juu, wafunge madishi mawili madogo ya wavu, moja likitazama mjini na moja shuleni, na walihitaji mtu wa kuyaangalia.

"Waya mtapitishia wapi?" baba aliuliza.

"Hakuna waya, mzee."

Baba alimtazama padre, kama mtu anayetaka kujua kama mgeni ni mzima. Padre akacheka. Injinia hakucheka. Alimwomba mama chai nyingine, akaanza kumfundisha baba palepale, polepole, na mimi na Martini tukasikiliza tukiwa mlangoni hadi tukafukuzwa, tukarudi kupitia dirishani.

Alisema mawimbi yale ni ndugu wa mawimbi ya redio, ila yanatetemeka haraka mno, mara bilioni mbili na zaidi kwa sekunde. Alisema kila kiwanda duniani kinatengeneza mitambo yake kwa namna yake, na zamani mtambo wa kiwanda hiki haukuelewana na wa kiwanda kile. Wakakaa wataalamu wakakubaliana kiwango kimoja, wakakipa namba ndefu, mia nane na mbili nukta kumi na moja, na herufi b mwishoni. Baba akauliza kwa nini isiwe jina. Injinia akafikiri.

"Mzee, kwenye mnada hapa kwenu, Mbarbaig na Mnyiramba na Mwiraqw wanauziana ng'ombe kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Basi hiyo namba ndiyo Kiswahili cha hii mitambo. Nyumbani kwao kila mmoja anasema lugha yake."

Hapo baba alielewa, nikaona namna alivyokaa vizuri kwenye kiti. Tangu mkanda utundikwe ukutani sikuwa nimemwona anakaa hivyo.

Jaribio la kwanza lilifanywa na sisi watoto. Injinia alikuwa anamweleza baba juu ya zamu. Mitambo yote inatumia hewa moja, alisema, kwa hiyo kila mmoja kabla ya kusema husikiliza kwanza. Kama mwenzake anasema, ananyamaza, anasubiri kidogo, anajaribu tena. Baba akasema hilo ni jambo la adabu tu. Injinia akasema ndiyo, lakini pana tatizo, na akatuita. Mimi akanisimamisha juu ya kilima. Martini akamtuma chini upande wa mjini. Boay, mtoto wa Baba Mkubwa, rika langu, akamtuma chini upande wa shule. Kila mmoja alimpa maneno ya kunipigia kelele. Martini hakumwona Boay wala kumsikia, kwa sababu kilima kilikuwa katikati. Kila mmoja alisikiliza, akasikia kimya, akaona ni zamu yake. Wakapiga kelele pamoja. Mimi niliyekuwa katikati nilisikia uji mtupu.

"Umesikia nini?" Injinia aliniuliza.

"Sijasikia kitu, dada. Nimesikia 'mbuzi' tu."

Akatufundisha dawa yake. Kabla ya kusema, mtu apige hodi kwangu. Mimi nikiitika karibu, niitike kwa sauti ya kufika pande zote mbili, nimtaje niliyemkaribisha. Yule mwingine akisikia mwenzake amekaribishwa, anyamaze mpaka amalize. Tukafanya. Martini akapiga hodi, nikamkaribisha, Boay akanyamaza, na nikayapata maneno yote. Tuliucheza mchezo huo mwaka mzima baada ya hapo, watoto wa pande zote za kilima, na nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo lakini sijaona aliyeeleza jambo lile vizuri kuliko yule dada mwenye buti zilizojaa tope.

Bomba likasimamishwa. Baba alipewa kazi. Kisanduku cheupe kilifungwa chini ya madishi, betri ya gari kwenye sanduku la mbao, na paneli ya sola ambayo baba aliipangusa vumbi na umande kila asubuhi kwa kanga kuukuu ya mama. Kisanduku kilikuwa na taa ndogo ya kijani. Ikiwaka bila kutikisika, mtambo ni mzima. Ikipepesa, maneno yanapita. Ikizima, kumeharibika. Na kwa kuwa baba hakuwa na njia ya kujua shuleni wanaonaje, walikubaliana kitu ambacho watoto wangu wanakataa kuamini. Intaneti ikipotea, shuleni walianika shuka jeupe la bweni kwenye uzio. Baba akiliona kutoka shambani, aliacha jembe akapanda kilima. Huo ndio ulikuwa mfumo wetu wa taarifa.

Mwaka uliofuata nikaingia kidato cha kwanza katika shule ileile. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine chache zilizofunikwa vitambaa vilivyotariziwa kama vya makochi, na tuliingia bila viatu. Ukifungua ukurasa ulikuwa unasubiri. Picha ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari, paji la uso kwanza, kisha macho, na tulikuwa tunabishana ni nani huyo kabla mdomo haujafika. Mara nyingine ilifika puani ikaishia hapo. Tulirudi bwenini tumefurahi, tumeona pua ya mtu wa ng'ambo. Wenzangu walijua kwamba hiyo intaneti inapita juu ya shamba letu, na mimi nilitembea kwa maringo kidogo, nakiri. Baba yangu alikuwa anaitwa fundi tena.

Mikaratusi haina haraka ya macho. Huioni ikikua. Lakini shuka lilianza kuanikwa mara kwa mara, kwanza siku za mvua tu, kisha hata siku za ukungu, kisha siku yoyote. Baba alibadilisha betri, alikaza waya, alipangusa mpaka akachubua paneli. Injinia akaitwa. Alipanda kilimani na darubini, akamwita baba aangalie, na mimi nilikuwapo kwa sababu ilikuwa likizo.

"Mzee, unaiona ile miti?"

"Naiona. Lakini dishi la shule linaonekana. Liko wazi kabisa juu yake."

"Kuonekana hakutoshi." Akachora ardhini kwa kijiti. Alisema mawimbi hayaendi kama kamba iliyovutwa. Yanatanuka katikati kisha yanabanana tena mwishoni, kama kibuyu kirefu cha maziwa kilicholazwa, na kile kibuyu chote kinatakiwa kiwe kitupu. Vilele vya mikaratusi vilikuwa vimeingia tumboni mwake. Na majani yakilowa ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa mawimbi yale hunywewa na maji. Mtambo ukiona maneno yanapotea hupunguza mwendo ili usikike, kama mtu anayemsemesha kiziwi. Kutoka megabiti kumi na moja kwa sekunde unashuka tano na nusu, kisha mbili, kisha moja. Baada ya moja hakuna kitu.

"Kwa hiyo?" baba alisema.

"Ama miti ipungue, ama bomba lirefuke. Au tuondoe mitambo."

Miti ilikuwa ya Baba Mkubwa. Padre alisema jambo la ndugu ni bora wazungumze ndugu. Jumapili baada ya misa baba alikwenda, akanichukua nimsindikize, na nadhani alinichukua kwa sababu mbele ya mtoto watu wazima hawapandishi sauti. Tulimwamkia. Baba Mkubwa alituletea maziwa ya mgando. Baba alizunguka na maneno mengi, mvua, bei ya saumu, ndama aliyezaliwa, mpaka kaka yake akachoka.

"Bura, sema."

Akasema. Baba Mkubwa alizungusha kikombe.

"Ile miti Boay atajengea nyumba," alisema. "Nikiikata sasa ni fito. Atajengea nini, hewa?"

"Najua, kaka."

"Shirika lilikupandisha kwenye nguzo, likakushusha siku lilipotaka. Sasa padre amekupandisha kwenye bomba. Nitakata miti yangu, halafu naye atakushusha. Hapo utakuja kuniambia nini?"

Baba alimaliza maziwa yake, akashukuru, tukaondoka. Mimi nilikuwa na umri wa kukasirika, njiani nikasema Baba Mkubwa ana roho mbaya. Baba alisimama. "Usiseme hivyo tena," akasema. "Miti ni yake."

Basi akarefusha bomba. Aliunga kipande juu ya kile cha kwanza, akafunga waya nne za kulishikilia, akautoa mkanda wa ngozi ukutani. Mama alimwangalia akiupaka mafuta.

"Baba Yasinta, wewe si kijana."

"Najua."

"Na si kima."

"Hilo nalo najua."

Akapanda. Shuka likaondolewa kwenye uzio, tukafurahi. Lakini miti haikuacha kukua, na majira yaliyofuata aliunga kipande kingine. Sasa bomba lilikuwa jembamba na refu, upepo wa kwetu mnaujua, na kila ulipovuma madishi yaligeuka kidogo na mawimbi yakakosa njia. Kugeuza dishi kwa upana wa kidole tu kulitosha kupoteza kila kitu. Kwa hiyo alipanda asubuhi, akageuza, akashuka. Upepo ukageuza. Akapanda. Ilikuwa ni kazi ya kuchosha ambayo haikuisha, na nyumbani tukaanza kuizoea namna watu wanavyozoea ugonjwa wa mtu mzima. Mama alichemsha maji ya kumkanda mgongo kila jioni. Baba alikuwa akilala kabla ya chakula. Kuna asubuhi moja, mimi nachuma mboga, ukungu ulifunguka kidogo nikamwona kule juu amekumbatia bomba, ametulia tu, hageuzi kitu. Nilidhani amekwama, nikaita. Akajibu kwamba anapumzika. Alikuwa anapumzika hukohuko, kwa sababu kushuka na kupanda tena kulimshinda.

Siku hiyo hapakuwa na mtu mwingine niliyemwona. Lakini nyumba ya Baba Mkubwa inatazama kilima kilekile.

Sikumbuki zilipita siku ngapi. Nakumbuka tulikuwa tunakunywa uji, tukasikia shoka. Mtu wa Tlawi anajua shoka la nani linakata wapi. Baba aliweka kikombe chini, akatoka, sote tukamfuata. Kwenye bega la kilima alikuwa Baba Mkubwa na Boay na kaka zake, wameshaangusha safu nzima, harufu ya mikaratusi imejaa hewani inawasha macho. Baba alifika akasimama. Baba Mkubwa alijipangusa jasho, akasubiri aamkiwe kama siku zote.

"Shikamoo kaka," baba akasema.

"Marahaba. Mama Yasinta hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie atuletee uji. Wamekuja hawajala hawa."

Ni hayo tu. Mama akaleta uji. Baba naye akachukua shoka, wakakata pamoja mpaka mchana, na Boay, ambaye nyumba yake ndiyo ilikuwa inaanguka, alikata bila kunitazama. Jioni ile baba aliondoa vipande viwili vya bomba, akayashusha madishi mahali pa chini alipoweza kuyafikia kwa ngazi fupi. Taa ilipepesa bila kukoma. Shuka halikuonekana kwenye uzio muda mrefu.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini sisi wa rika hili tunajua mambo hayakuishia hapo. Nilikuwa sijamaliza kidato cha nne minara ya simu za mikononi ilipoanza kuota kwenye vilima vyetu. Ile mirefu, yenye uzio na taa nyekundu. Injinia alikuwa amekwenda kusoma zaidi nje ya nchi. Padre alihamishwa. Mkuu mpya alikuwa mtu mwema, alikuja nyumbani mwenyewe, akaeleza kwamba shule sasa inapata intaneti kwa kifaa kidogo kama kiberiti kinachochomekwa kwenye kompyuta, na mitambo ya kilimani haihitajiki. Alimshukuru baba sana. Baba aliyafungua madishi mwenyewe. Aliyashusha taratibu, akayafunga kwenye magunia yasikwaruzwe, ingawa hayakuwa yanakwenda popote.

Lakini kilichomsumbua hakikuwa kazi. Siku mbili tatu alizunguka uani, anaingia anatoka. Mama ndiye aliyemwambia: "Nenda ukamwambie kaka yako kabla hajasikia kwa watu." Akaninyooshea kidole na mimi, nikavaa viatu.

Baba Mkubwa alikuwa anatengeneza zizi. Safari hii baba hakuzunguka. Alisema, akiwa amesimama, kwamba mitambo imeondolewa, kwamba kaka yake alisema kweli tangu mwanzo, na kwamba miti ya Boay imekatwa kwa kitu ambacho hakikudumu. Akasema hajui atairudishaje. Sauti yake ilikatika. Sikuwahi kumsikia hivyo, nikatazama ng'ombe.

Baba Mkubwa aliendelea kufunga kamba mpaka fundo likakaa.

"Kwani mimi niliukatia ule mtambo?" akasema. "Mtambo wenyewe sijui hata ulikuwa unafanya nini. Nilikuwa kila nikitoka nje asubuhi nakuona uko juu ya lile bomba kwenye ukungu. Nikasema huyu ataanguka mimi naangalia."

Baba akasogea karibu na zizi.

"Shika hapa," Baba Mkubwa akamwambia, akampa ncha ya kamba. Wakatengeneza zizi.

Boay alijenga kwa fito. Nyumba yake iko mpaka leo, dari yake ni ya chini, mtu mrefu akiingia anainama, na Boay mwenyewe ni mrefu. Baba Mkubwa tulimzika mwaka ambao masika yalichelewa. Baba aliomba afukie yeye wa kwanza, akashindwa kuinua sepetu kwa maumivu ya mgongo, Boay akamshikia.

Siku hizi nakaa Babati. Nina kazi ya ofisini, nina simu mbili, na zote zinalia. Ujumbe unaingia nikiwa kanisani, nikiwa jikoni, nikiwa nimeshalala. Nasikia hata kule Getanuwas, Hanang, wachungaji wanaulizana malisho kwa simu, na ni jambo jema, silipingi. Mwanangu Brayani, kijana wa sekondari, picha ikichelewa kufunguka kidogo tu anasema mtandao unazingua, anaitupa simu kwenye kochi kama imemtukana. Nikimweleza habari za shuka kwenye uzio anacheka, anasema mama unatunga. Na mimi nachoka kumweleza. Ukweli ni kwamba nachoka na mengi. Zamani tulichoka kwa maji na kuni na kupanda kilima, tukilala tulilala. Uchovu wa sasa sijui unatoka wapi. Sijabeba kitu, lakini mabega yananiuma.

Krismasi iliyopita nilimpeleka Brayani Tlawi. Alizunguka uani mkono umeinuliwa juu, akapanda kwenye jiwe, akashuka, akaenda nyuma ya zizi, akarudi. Baba yangu alikuwa juani kwenye kiti chake, blanketi mabegani, mimi pembeni yake namenya saumu.

"Anatafuta nini yule?" baba aliuliza.

"Mtandao, baba."

Alimtazama mjukuu wake kwa muda. "Mwambie akae," akasema. "Utakuja tu."

Nilimwita Brayani aje akae na babu yake. Akasema anakuja, akapotea upande wa barabara. Nilitaka kumwambia baba kwamba mtandao ulishakuja zamani, umejaa kila mahali, na pengine ndiyo sababu hakuna anayekaa. Lakini jua lilikuwa zuri, na sote wawili tulikuwa tumechoka. Nikasogeza mkeka karibu na miguu yake, nikaendelea kumenya.